Kwa vijana wakristo mnaopima madini kwenye depo

Wanangu mnaofanya kazi kwenye depo za shaba na kobalti, ninyi mnaoshika mzani, mnaoandika bei, mnaolipa wachimbaji: Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzee wa Katuba, hapa Lubumbashi, na nimefundisha katekisimu tangu wengi wenu hamjazaliwa. Kila tukizungumza habari ya haki katika uchumi baada ya misa, mnanijibu neno moja: “Baba, bei inapangwa London, kobalti inasafishwa China. Sisi tutafanya nini?”

Mnasema kweli. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, lakini kamioni zinazopanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hazibebi betri zinazotengenezwa kwa kobalti hiyo. Zinabeba unga wa kobalti ambao haujamaliza kusafishwa, na faida nene inapatikana kule unakopelekwa. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kupeleka kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka vibaya, na Oktoba ikaanza kuwagawia makampuni viwango vya kupeleka nje. Yaani mwenye mali amelazimika kufunga mlango wake mwenyewe ili wanunuzi wamsikilize.

Madeni nayo ni hivyo hivyo. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Katanga, kama kilomita 1,700, ilijengwa wakati wa rais Mobutu kwa mikopo ya nje ili migodi ipate umeme. Inapita juu ya vijiji vingi ambavyo mpaka leo havina hata balbu, na watu wa vijiji hivyo walihesabiwa pamoja nasi kuwa wadeni. Ilipofika Julai 2010 ndipo Kongo ikasamehewa dola karibu bilioni 12. Wakristo waliokuwa wamepigania msamaha wa namna hiyo kwa nchi maskini walisimama juu ya Walawi 25, pale Mungu anapoagiza kwamba mwaka wa hamsini maskini arudishiwe shamba lake, kwa kuwa ardhi ni ya Mungu. Kwa hiyo anayewaambia kwamba hii ni siasa tupu, haiingii kanisani, mwombeni afungue Biblia yake.

Hayo ya mbali nimeyasema. Sasa nataka tukae depo.

Mchimbaji anafika na mifuko yake juu ya pikipiki, macho mekundu, nguo zimeshika vumbi. Mfuko unapandishwa kwenye mzani ambao hakuna mtu aliyemwonyesha kama unasoma sifuri kabla ya kuwekewa kitu. Kisha anachukua jiwe mmoja wenu, analisaga kidogo, anaelekeza mashine inayopima kiasi cha madini ndani yake, na namba inatokea kwenye kioo kilichomgeukia mnunuzi. Mchimbaji anasikia tu: “Mbili kwa mia.” Kama ilikuwa mbili au tatu na nusu, hana njia ya kujua. Baadaye unakatwa uzito wa maji, unakatwa uzito wa mfuko, anapewa franka, na amechelewa mno kwenda kujaribu depo nyingine. Jumapili tunaimba naye kwaya moja.

Amosi 8 inawataja wafanyabiashara waliongoja sabato ipite upesi, wapunguze kipimo, waongeze bei na kupotosha mizani. Hao walikuwa watu wa ibada. Na Yakobo 5 anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Aya hiyo mimi siwezi kuisoma bila kufikiria Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, walipogoma kwa ajili ya mshahara hapa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville, wakapigwa risasi.

Papa Fransisko alipokuja Kinshasa, Januari 2023, aliwaambia wa nje waondoe mikono yao juu ya Kongo na Afrika, kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa. Tulipiga makofi, na yalistahili. Lakini someni pia Nehemia 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba yao, wengine wanawatoa watoto utumwani, na wakati huo huo wanalipa kodi ya mfalme wa Uajemi. Nehemia hakungoja mfalme abadilike. Aliita mkutano mkubwa, akawakemea wakuu mbele ya watu wote, na akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha. Akasema, tuache. Mashamba yakarudishwa, na makuhani wakaitwa kushuhudia kiapo.

Ndiyo ninayowaomba. Geuzeni kioo cha mashine, mchimbaji aone namba pamoja nanyi. Mzani usome sifuri mbele yake kabla ya mfuko wa kwanza. Najua bosi anaweza kumfukuza mmoja wenu, ndiyo maana nasema mwende kumi pamoja, na sisi wazee na mapadri tusimame nyuma yenu. Parokia inayopokea zaka ya depo haina ruhusa ya kunyamaza juu ya mzani wa depo.

Na baada ya hapo mwende ofisini. Sheria ya migodi ya 2018 inaitaka kampuni itoe 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mgodi, na katika mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali juu ya madini inayouza, 15% ni ya komine (eneo la mji) au cheferi (eneo la chifu) yanapochimbwa. Ninyi mmesoma, hesabu mnaijua. Ulizeni, kwa adabu na kwa maandishi, fedha hizo zimefika lini na zimejenga nini. Mkipewa karatasi ya Kifaransa, itafsirini kwa Kiswahili muisome kwa sauti uwanjani, mama wauza makaa na wachimbaji wakiwepo, na wao ndio waulize maswali ya kwanza.

Baba yenu katika Kristo,
Katuba, Lubumbashi