Risala ya Wanafunzi wa Useremala na Kikundi cha Gitaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ufundi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu. Karibu sana Moshi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo watakaoshangaa kuona maseremala na wapiga gitaa wakisoma risala moja. Sisi tunaona ni haki, kwa sababu gitaa tunalolijua leo ni kazi ya maseremala.

Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 kusini mwa Hispania, alianza kama mwanafunzi wa useremala. Magitaa ya zama zake yalikuwa madogo na sauti yake haikufika mbali. Alitanua kiwiliwili, akapunguza unene wa ubao wa mbele, kisha kwa ndani akaubandika papi nyembamba zilizotawanyika kama mbavu za pepeo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na ubavu wa karatasi iliyogandishwa kwa gundi, uso pekee ukiwa wa mbao, ili kuthibitisha kwamba sauti hutoka hasa kwenye uso. Hadi leo magitaa ya nyuzi za nailoni hufuata vipimo vyake.

Christian Frederick Martin, fundi magitaa Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1796, alitoka katika ukoo wa maseremala. Chama cha watengeneza fidla wa mji wao kilidai kwamba maseremala hawana ruhusa ya kutengeneza magitaa. Mwaka 1833 alihamia New York, na huko Marekani papi za ndani zikaanza kupangwa kwa kukingamana mfano wa herufi X. Mpangilio huo ndio uliokuja kuhimili nyuzi za chuma, ambazo zote sita zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi.

Nguvu hiyo tumeiona kwa macho. Gitaa mojawapo la kikundi, lililonunuliwa mtumba, lilikuwa la nyuzi za nailoni, lakini mtu alilifunga za chuma. Uso ulivimba na daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi usoni, likabanduka kiasi cha kupitisha kadi ya benki chini yake. Wanafunzi wa mwaka wa pili walilitoa daraja taratibu, wakakwangua gundi ya zamani kwa patasi, wakalibandika upya na kulibana kwa klampu usiku kucha. Gitaa hilo, likiwa na nyuzi za nailoni, ndilo utakalolisikia baada ya risala hii, kwa mtindo wa kidole gumba na cha shahada aliousambaza Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, mwaka 1952.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mpingo ni mti wetu, na mafundi wa nje huutumia kwa ubao wa kubonyezea nyuzi, migongo na ubavu wa magitaa ya bei kubwa. Hapa hapa Moshi marehemu Sebastian Chuwa, pamoja na James Harris wa Marekani, walianzisha mradi wa kuuhifadhi na kuupanda mwaka 1996. Saipresi na paini tunazipata West Kilimanjaro. Tunatamani kuzijaribu zote, lakini mbao tunazouziwa huwa mbichi, na ubao mbichi ukishakuwa uso wa gitaa hupasuka.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie banda la kukaushia mbao, klampu 20, bomba la umeme la kukunjia ubavu, na fundi mzoefu wa kukaa nasi walau muhula mmoja. Chuo kimekwisha kututengea chumba karibu na karakana, na gitaa la kwanza tutakalolikamilisha tutalikabidhi kwa shule ya msingi ya jirani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.