Barua ya wazi kwako Mheshimiwa: hii miembe ya Tabora imekosa nini?

Mheshimiwa,

Shikamoo. Pole na safari ya Dodoma. Natumaini uliporudi ofisini ulikuta kivuli, maana sisi huku mtaani chetu kimeondoka Jumanne. Walikuja vijana na chenso, hawakusalimu, na kabla ya adhuhuri mwembe ninaotengenezea baiskeli chini yake ulikuwa magogo.

Nakukumbusha, kwa heshima zote, mkutano wa hadhara wa mwaka jana. Ulishika kipaza sauti ukasema hakuna mti mkubwa utakaoguswa mpaka wakazi wa mtaa husika waitwe. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Labda tuliitwa Jumanne hiyo hiyo na chenso ikatuzuia kusikia.

Wageni wakija huwa unawaambia Tabora ni mji wa historia. Ni kweli kabisa. Ila hawaelezwi kwamba historia yenyewe ni ya watu wanaongoja. Misafara ya kwenda na kutoka Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, wapagazi wa Kinyamwezi wakingoja mizigo ya pembe. Livingstone mwaka 1872 alikaa pale Kwihara, jirani na mji, miezi mingi akingoja wapagazi wa kutoka pwani. Reli ikafika 1912, ikaenda mpaka Kigoma 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likafika ziwani. Basi tukawa mji wa kubadilishia treni: abiria anashuka, anauliza, anaambiwa bado. Hata TANU mwaka 1958 ilikuja kubishania hapa kura tatu, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, wengine wakitaka kususa uchaguzi, mpaka busara ikashinda. Sisemi kikao kile kilifanyika chini ya mwembe. Nasema tu kwamba mtu anayengoja hutafuta kivuli, na kivuli cha Tabora ni mwembe. Wazee wetu wanasimulia kuwa mingi ilitokana na kokwe za misafara hiyo. Mji mwingine utatengeneza sanamu; sisi tulikuwa na miti, tena inazaa.

Sababu ya kukata sijaambiwa. Mmoja anasema barabara inapanuliwa, mwingine nyaya za umeme. Mimi simtuhumu mtu, ila magogo yale yalipakiwa garini siku hiyo hiyo, wakati takataka za mtaa wa Ng'ambo zinangoja wiki.

Sasa njoo uone kijiwe changu mwezi huu wa kumi, mvua hazijaanza. Gundi inakauka kabla kiraka hakijakaa. Nilinunua mwavuli mkubwa, upepo ukauvunja. Wateja wanaacha baiskeli na kukimbilia barazani kwa watu, wengine wameshahamia kwa fundi wa Isevya. Mama aliyekuwa akiuza asali na karanga pembeni yangu haji tena, na wale wanafunzi waliokuwa wakipumzika kupoza kichwa kabla ya kwenda nyumbani sijui wanapita wapi. Nyumbani wameanza kuniuliza ada nami najibu kama karani wa stesheni: bado. Mtoza ushuru, yeye, amekuja kama kawaida. Mti umekatwa, ushuru haukukatwa.

Sikuombi fidia, Mheshimiwa. Nilikuwa niombe na meza ya banda, nimeacha. Nilikuwa niombe miche mipya, lakini mche wa leo utanipa kivuli nikiwa sina haja ya baiskeli.

Naomba kitu kimoja. Iko miembe miwili imebaki upande ule wa pili wa barabara, nayo imeshapigwa alama ya X nyekundu. Iacheni. Tafadhali, iacheni hiyo miwili. Agiza X zifutwe. Na kama kufuta hakumo kwenye bajeti ya mwaka huu, petroli ninayo, tambara ninalo. Nipe ruhusa tu, nitafuta mwenyewe leo jioni.

Wako mtiifu,
Fundi baiskeli, Tabora