Ufunguo wa shamba usiurudishe

Reading, Uingereza, 22 Septemba

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Najua nimenyamaza tangu Idi kubwa, unisamehe. Huku tu wazima, watoto wamerudi shule, mgongo wa Baba Zuhura unaendelea nafuu. Ya Bi Mkubwa na ile harusi tutaongea kwenye simu, maana hayo hayaandikiki.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya ile sauti uliyonitumia Alhamisi usiku. Unasema wiki ijayo unarudisha ufunguo wa hicho kipande cha shamba ulichokodi kwa kaunsili ya huko Durham, eti winta inakuja itaua kila kitu, utaomba tena Machi. Mwanaisha, usirudishe! Foleni ya kukipata hicho kipande umeikaa mwenyewe. Ukikiachia, jina lako linakwenda mwisho kabisa, na Machi atakuwa analima mwingine.

Tena si kweli kwamba baridi inaua kila kitu. Sisi tuliokulia Lukozi, kule Lushoto, kabichi tunaijua kwa namna moja: unapandikiza, baada ya miezi mitatu imefunga, Fuso linapakia linateremka Soni mpaka Mombo, kesho yake iko Dar. Huku wana nyingine ambayo inalala shambani winta nzima, nje, bila nyumba ya kioo. Inasiwa Julai na Agosti, inapandikizwa Septemba mpaka kama katikati ya Oktoba, inaliwa Aprili na Mei. Na miezi hiyo ndiyo miezi ya njaa ya bustani za huku: liki zimekwisha, viazi vya stoo vinachipua, na ulivyosia machipuko bado ni vijani viwili viwili. Wewe utakuwa unakata kabichi.

Miche ninayo. Nilisia aina mbili, April na Durham Early, hiyo ya pili ina jina la huko huko kwenu. Imeshatoa majani matano matano, mifupi, iliyonenepa shina. Nimeikuza kwenye trei kwa udongo wa mfuko, si wa shambani, maana kiwanja jirani kina ule ugonjwa wa kuvimba mizizi, na ukishaingia ardhini unaweza kukaa hata miaka 20. Sitaki kukuletea. Na wewe tia chokaa kidogo kabla ya kupanda, ule ugonjwa unapenda udongo wenye uchachu.

Sasa nisikilize vizuri. Pale ulipong'oa maharage usipalime tena. Safisha majani, sawazisha juu, halafu ukanyage kwa visigino, udongo ushikane. Najua nyumbani tulifundishwa kutifua, lakini kabichi hii ikikaa kwenye udongo mlaini, upepo wa Januari unaitikisa mpaka mizizi inakatika. Ukishapanda, shika ncha ya jani moja uvute. Jani likichanika na mche umebaki pale pale, umepanda sawa. Mche ukicheza, kanyaga tena pembeni yake. Kisha mwezi wa kumi na moja uinulie udongo shinani, mpaka karibu na jani la chini.

Na samadi usitie! Naujua mkono wako, wewe ukiona mche unaona na ndoo ya samadi. Ukiulisha sasa utatoa majani makubwa malaini, na baridi ndiyo inayoyataka hayo. Uache na njaa yake kidogo, ukae mfupi na mgumu. Chakula utaupa mwisho wa Februari au Machi, jua likianza kurudi, mbolea ya kuku ile ya punje, konzi moja tu kuzunguka shina. Hapo utaiona inavyoamka, siku hadi siku.

Mstari hadi mstari sentimita 30, mche hadi mche 15. Utaona imebanana, ndivyo inavyotakiwa. Februari, Machi, unakata mmoja unaacha mmoja. Ile unayokata haijafunga, unaikatakata kama sukuma, unaiunga na nazi. Inayobaki imepata nafasi, ndiyo itakayofunga. Ukivuna kichwa using'oe kisiki: kichanje juu alama ya msalaba, kitatoa vichwa vidogo vidogo tena.

Adui yako mkubwa si theluji, ni njiwa. Wale wanene wa kijivu. Theluji ikifunika majani mengine yote, wanaifuata kabichi na kuiacha vijiti vitupu. Weka wavu tangu siku ya kwanza, uupandishe juu ya vigingi usiguse majani, maana wanakaa juu yake wakadonoa kupitia matundu. Konokono nao uwaangalie sasa hivi, kabla baridi haijakaza.

Kuna asubuhi utakwenda ukute majani yamelala chini, yamekakamaa, pembeni yana barafu kama sukari. Usilie, usiyaguse. Rudi saa sita yakishayeyuka, yatakuwa yamesimama. Ile baridi inaifanya kabichi ijaze sukari ndani ya majani ili isigande, ndiyo maana ya Aprili ni tamu kuliko ya dukani.

Narudi kwenye ule ufunguo. Sikusukumi kwa ajili ya mboga peke yake. Winta iliyopita ulikuwa hapa karibu yetu, safari hii uko peke yako, na Desemba huko Durham mwanga wa jua ni kama saa saba tu kwa siku. Nilikuwa nakusikia kwenye ile sauti, umechoka. Nataka uwe na kitu kinachokutoa nje Jumapili, hata kama ni kwenda kutazama wavu umekaa vipi na kurudi.

Shemeji Hamisi anakuja huko Jumamosi na gari la kazi. Nampa trei mbili, na chokaa, na wavu wangu wa ziada. Je, utakuwepo nyumbani, au amwachie yule jirani yako wa Kisomali? Bado mnaelewana? Maji ya bomba la shambani wameshayafunga au bado? Hicho kipande kina ukuta wowote wa kuzuia upepo wa kaskazini? Dawa za presha unazo za kutosha? Na yule mzee wa kiwanja cha pili, aliyekupa vitunguu, hawezi kukushikia kamba ya mistari? Nijibu kabla ya Ijumaa jioni, Hamisi anaondoka alfajiri.

Wako akupendaye,
Mama Zuhura