Kuhusu rangi za modeli zetu

Ndugu wanakikundi,

Kabla hatujapanga modeli zetu kwa maonyesho, naomba kila anayeunda gari la plastiki la kipimo cha 1:24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi, asiharakishe hatua ya rangi, kwa kuwa madoa mengi ninayoyaona kwenye picha mnazotuma hutokana na plastiki kupakwa rangi ya msingi kabla ya kuoshwa kwa maji ya sabuni, ilhali mabaki ya mafuta ya kalibu, yaani chombo kilichoipa plastiki umbo lake kiwandani, bado yapo juu yake. Pulizeni matabaka membamba, mkiacha kila moja likauke. Sioni fahari ya kumaliza gari kwa usiku mmoja. Vioo visibandikwe kwa supagluu, ambayo mvuke wake huacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Magari yaliyokamilika yasikae kwenye jua, kwani rangi na stika hupauka.