Kwa vibarua wa reli mpya hapa Tabora

Wajukuu zangu, mwangaluka.

Nawasikia vijiweni, Kanyenye hadi Ng'ambo, mkisema vyama vya wafanyakazi ni mambo ya wazee: kazi yao kukata mshahara na kugawa fulana za Mei Mosi.

Dharau yenu ina asili. Mwaka 1964 TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilifutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mwenye malalamiko dhidi ya serikali ayapeleke wapi? Sisi tulioingia reli baadaye tuliikuta tabia hiyo imeshaota mizizi: kiongozi wa tawi anakunywa chai na meneja, akirudi karakana hana habari.

Hata hivyo, nyie mnakihitaji chama kuliko sisi tuliokuwa na ajira ya kudumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumwachisha mtu bila sababu halali, ila kinga hiyo haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Mnashangaa kuambiwa mkitimiza miezi mitano kazini kwamba kazi imeisha, kisha wiki inayofuata mnaona sura mpya getini? Ndiyo hiyo. Hapo hata wakili hana pa kushika. Kinachoweza kuwapa zaidi ya sheria ni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kwa niaba yenu wote, na huo kibarua mmoja mmoja hapewi. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo lenu, mwajiri hana budi kukaa nacho mezani.

Watu wa ujenzi wana chama chao, TAMICO. Msisubiri kiwafuate na gari la matangazo. Mkiwa wanachama 1 hadi 9 mna haki ya mwakilishi mmoja. Mkifika 10, watatu. Chagueni mbishi anayesoma karatasi kabla ya kusaini, si mpole anayependwa na nyapara (wapole tuliwachagua sana sisi). Kila mkutano awasomee mapato na matumizi. Akianza kukohoa, mtoeni.

Kujiunga mnajaza fomu ya TUF 6. Anayeona analiwa bure, TUF 15 ya kujitoa ipo, na hakuna wa kumzuia.

Babu yenu, mstaafu wa reli,
Cheyo, Tabora