Watafiti wa Nyiragongo watuulize pia juu ya hasara ya kuhama

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie jambo moja watafiti wanaochunguza jinsi wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanavyoamua kuhama au kubaki pindi volkano ya Nyiragongo inapotishia. Wanaoanza kwa kupima kama tunaielewa hatari ya mlima wanaanzia pasipofaa, kwani mji ulioshuhudia milipuko ya 1977, 2002 na 2021 unaijua lava. Mwaka 2002 lava ilikata mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na bado maelfu waliokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, walirudi baada ya siku chache, mawe yakiwa na moto. Huo haukuwa ujinga. Watu walikuwa na nyumba za kulinda na watoto wa kulisha.

Jambo zito zaidi ni lile la 2021. Usiku wa tarehe 22 Mei watu wengi walikimbia kwa kuona anga jekundu, bila kungoja tangazo. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihamwe, akieleza kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, na kwamba mlipuko ungeweza kuja bila dalili. Watu laki kadhaa walielekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda, na mlipuko huo haukutokea. Mimi naamini agizo lilikuwa la haki, kwa sababu Ziwa Kivu limebeba gesi nyingi ya kaboni dioksidi na methani, ambayo mlipuko chini ya ziwa ungeweza kuifumua. Lakini mama aliyelala nje Sake na watoto wake, kisha akarudi asikute lava yoyote, atalipokeaje agizo lijalo?

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba mtu akiwekwa kati ya hasara ya hakika na hasara kubwa zaidi isiyo ya hakika, mara nyingi huchagua kubahatisha. Kwetu kuhama ndiyo hasara ya hakika: nauli ya pikipiki inayopanda ghafla, biashara iliyofungwa, mlango unaoweza kuvunjwa na wezi.

Kwa hiyo ninaomba watuulize ni nani nyumbani hutoa uamuzi, neno la nani linaaminika, na ni ulinzi gani wa mali ungemfanya mtu aondoke mapema. Majibu wayalete kwa Kiswahili katika kartie zetu, na wayapeleke pia kwa wataalamu wa OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, wanaotakiwa kututangazia jambo ambalo wao wenyewe hawana uhakika nalo.

Mkazi wa kartie ya Majengo, Goma