Diski Ikipotea Kwenye Ruta, Usikimbilie Kuifomati

Kuna mteja wa karakana yetu katuandikia ujumbe mrefu wa WhatsApp kwamba tumemdhulumu. Alileta diski ya nje, ile anayoichomeka nyuma ya ruta, kile kiboksi cha intaneti, ili nyumba nzima ione filamu na picha bila kugombania laptopu. Ikawa haionekani tena. Tulimtoza shilingi 15,000, na kwa maneno yake, "mmebadilisha waya tu." Si wa mwanzo kusema hivyo, kwa hiyo tunajibu hapa ili na wengine wasome.

Waya tumebadilisha, kweli. Asichokiona ni kwamba diski yake ililala kwetu usiku kucha ikinakiliwa. Sisi hatujaribu dawa yoyote kwenye diski ya mtu kabla hatujakinusuru kilichomo. Kwanza tunasikiliza. Ikizunguka kwa sauti moja, kheri. Ikigonga tik-tik halafu ikanyamaza, ama umeme hauifikii wa kutosha, ama kichwa chake cha kusomea kinakaribia kufa, na mambo hayo mawili kwa sikio yanafanana. Ndiyo maana tunasoma na ile rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, tunanakili, halafu ndipo tunaiwasha ruta. Hiyo ndiyo elfu kumi ya kupima. Elfu tano ni waya, na ni waya mzuri.

Ugonjwa unaotuletea watu wengi ni umeme mdogo. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa volti 5 na miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Diski ya kuzunguka, pale inapoanza kuzunguka, inaweza kuvuta karibu ampea nzima, yaani miliampea 1,000. Laptopu nyingi huvumilia, ruta haivumilii. Ongeza waya mrefu, mwembamba, wa bei rahisi, na kidogo kilichokuwepo kinaishia njiani. Halafu mtu anatuambia, "lakini kwenye kompyuta inafanya kazi!" Ndiyo, na hilo ndilo linalotuonyesha kuwa diski huenda ni nzima.

Adapta za kuipa ruta umeme nazo zina visa vyake. Mtu anakwenda sokoni Darajani, ananunua yoyote inayoingia. Kibandiko cha ruta kinataka volti 12 ampea 2, yeye anatia ya ampea 1. Taa zinawaka, intaneti inakwenda, basi adapta kaiona haina kosa. Anayeumia ni diski. Mwenye nyumba ya wageni kule Paje alinunua ruta mpya, halafu diski mpya, na wageni bado hawapati filamu. Adapta mpya ilikuwa imebaki boksini, kwa sababu waya wa ile ya zamani ulishapitishwa nyuma ya kabati na hakutaka kuuvua. Ile ya zamani ilikuwa ya kamera ya ulinzi. Tulimrudishia adapta yake ya boksini, na diski tukaiwekea habu, kile kigawio cha matundu ya USB, yenye umeme wake yenyewe. Bili yetu aliilalamikia. Ruta na diski alizozinunua bure hakuzitaja.

Walio karibu na bahari, angalieni pia ndani ya tundu. Chumvi ya hewa inaacha ukungu wa kijani kwenye vile vibati. Spiriti safi na brashi laini vinatosha. Msikwangue kwa sindano.

Sasa tuje kwenye lile linalotukera. Umeme ukikatika ghafla huku diski inaandika, au mtu akiichomoa bila kuiaga kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, mpangilio wa NTFS, yaani namna Windows inavyopanga mafaili kwenye diski, unabaki na alama kwamba haukufungwa vizuri. Ruta nyingi ndani zinaendeshwa na Linux, si Windows, na zikiiona alama hiyo zinaikataa diski, au zinaisoma bila kukubali kuandika. Mwenye diski anaihamishia kwenye Windows. Kama uharibifu umezidi, kompyuta inamwambia diski hii lazima ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe na kupangwa upya. Naye anabonyeza ndiyo!

Mpiga video mmoja wa Chake Chake alituletea diski ya harusi za msimu mzima. Mpwa wake alikuwa ameshaifomati, na akaipima kwa kuijaza filamu, aone kama "imepona." Fomati ya haraka inafuta orodha tu, vitu vyenyewe vinabaki mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake. Fomati ndefu ya Windows, tangu Vista, inaandika sufuri diski nzima na hapo hakuna fundi wa kuvirudisha. Huyu kijana alitumia ya haraka, ila filamu zake zikakalia nafasi ya harusi. Tulirudisha nyingi. Kuna bwana harusi mmoja hana picha ya kuozwa kwake, ana ya biriani tu. Kazi hiyo ilikuwa ghali mara nyingi kuliko kupima, na tungeletewa kabla ya fomati, ukaguzi wa diski wa Windows huenda ungetosha. Ukaguzi huo mnaweza kuufanya wenyewe kwa bure: bofya diski kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake (Properties), nenda kwenye zana (Tools). Lakini ikiwa inagonga, msiuguse. Unaichosha diski mgonjwa kabla hujanakili.

Na wapo wanaofomati diski tupu, halafu wanachagua exFAT, mpangilio ambao ruta nyingi za zamani haziujui. Wengine wanachagua FAT32, inaonekana vizuri, ila faili la video linalofika GB 4 linakataliwa. Kabla hamjachagua, someni karatasi ya ruta. Ile ndogo, inayotupwa na boksi.

Mara nyengine diski nzima, ruta nzima, kompyuta ndiyo imebadilika. Dalili yake ni rahisi: televisheni inaonyesha filamu kama kawaida, laptopu haioni kitu. Ruta kuukuu zinagawa mafaili kwa SMB1, lugha ya zamani ya vifaa kupeana mafaili kwenye mtandao. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1, na mwaka huohuo Windows 10 ikaacha kuiweka yenyewe. Mitandaoni mtafundishwa kuirudisha kwa mibofyo michache. Mwalimu mmoja wa skuli akatuomba tumfanyie hivyo kwenye mashine za ofisini, tukakataa, akanuna. Tunaanza kwa kusasisha programu ya ruta. Ikiwa mtengenezaji ameshaiacha, tunasema wazi ruta hiyo haifai tena kugawa mafaili, ibaki na intaneti. Na kama laptopu ni ya Windows 11, wekeni jina na nywila kwenye folda ya ruta, maana baadhi ya matoleo mapya yanaikataa folda iliyo wazi kwa kila mtu.

Flashi za "TB 2" za bei ya soda hatupimi tena kwa mkopo. Nyingi ndani ni ndogo, zimedanganywa tu zijitaje kubwa; zikijaa, kinachofuata kinapotea na ruta inalaumiwa.

Mkija, leteni ruta, adapta yake na waya uleule uliokuwa ukitumika, si diski peke yake. Semeni kweli mlichokwisha kujaribu, hatumcheki mtu. Ndugu zetu wa Pemba mnaotuma kwa boti, mpeni mtu aishike mkononi, isiingie kwenye mizigo chini ya magunia. Elfu kumi ya kupima inabaki palepale, na mkitengeneza kwetu hatuitozi mara ya pili. Ijumaa tunafunga mchana, tunarudi baada ya sala.